Zamu ya Kumwandika Joelle

Honi ilitangulia kusikika, mara mbili, fupi, ya hasira. Kisha gari dogo la Marcy likatokeza nyuma ya lundo la theluji na kusimama ubavuni mwa pikapu ya Wendell. Kila Jumapili walikabidhiana mtoto hapa, kwenye kituo cha mafuta nje ya mji wa Duluth. Tangu talaka, miaka mitano sasa, hakuna aliyewahi kushuka garini. Walishusha vioo, wakatupiana maneno, wakaondoka.

Joelle, binti yao wa miaka kumi na sita, alikaa kando ya baba yake, begi mapajani.

"Tangu asubuhi unaniita mwizi kwenye simu," Marcy alisema. "Haya, niite tena, nakutazama."

"Mwizi! Jaji alisema kumwandika mtoto na kupunguziwa kodi ni kwa zamu: mwaka wako, mwaka wangu. Huu wangu. Natuma hesabu za kodi, naambiwa mtoto keshaandikwa. Kamwandika nani, mbwa wako?"

"Mbwa wangu angejaza vizuri kuliko wewe! Mimi sijatuma kitu. Karatasi zangu bado ziko juu ya friji."

"Basi kamwandika malaika."

"Nimejiandika mimi," Joelle alisema.

Wote wawili wakamgeukia. Tangu kiangazi alikuwa akiuza donati baada ya shule, na juzi alijaza kodi yake ya kwanza kwenye simu.

"Waliuliza kama kuna mtu anayeweza kuniandika kuwa mtegemezi wake. Nikajibu hakuna."

"Umekosea, mwanangu," Marcy alisema kwa upole. "Linasahihishika hilo."

"Sikukosea, mama. Wewe kila Jumatatu unaniuliza nimelala kwa baba siku ngapi, kama mgeni wa gesti. Na kwa baba nalala kwenye kochi. Kitanda changu kimejaa ndoana na masanduku ya kuvulia."

Zana zile Wendell aliziweka kitandani ziwa lilipoanza kuganda, ziwe pale siku mbili tu. Alizijua kwa moyo siku zote ambazo binti alilala kwake, tayari kumtajia jaji. Lakini hakukumbuka hata usiku mmoja aliokwenda kumfunika.

Akashuka. Theluji ilimwingia viatuni. Alizunguka, akamfungulia Joelle mlango, akambebea begi hadi gari la mama yake, naye binti akaingia.

"Lile neno, Marcy. Nisamehe."

Marcy alitazama usukani. "Kuhesabu nilianza kwa sababu yako," alisema, ila sauti haikuwa na ukali tena.

Wendell akainama dirishani kwa binti yake, akanong'ona.

"Sema kwa sauti," Joelle alisema. "Mama asikie."

Akanyooka, akasema juu ya mngurumo wa magari mawili: "Ijumaa utalala kitandani kwako. Na sitakuandika popote mpaka wewe mwenyewe uniambie, 'Baba, niandike.'"