Fungu Kavu la Saa Tisa na Nusu

Rubani alikuja na miwani ya jua, na hakuivua hata alipoingia sebuleni kwa mama mkwe wangu, mahali ambapo hata mchana huwa tunawasha taa. Nikajua mapema kwamba tumeletewa mtu wa kujionyesha. Alikalia kiti cha pekee chenye mto, akanyoosha miguu, akapokea chai bila kumtazama aliyempa. Aliyempa ni mimi.

Shemeji yangu Hamido ndiye aliyemwokota, huko Pemba, ile ya Msumbiji. Alimsikia mkahawani akiwasimulia wenzake jinsi alivyotua na ndege juu ya fungu la mchanga siku zile mji wetu wa Palma ulipovamiwa na watu wakakimbia, akamtoa mpakizi wa mizigo aliyepigwa risasi, jina lake Jafar. Jafar ni mume wangu. Miaka minne nilikuwa sijui kama ni mke wa mtu au mjane. Sijakaa eda, sijaachwa, na kila anayenisalimia hupunguza sauti kana kwamba nina mgonjwa ndani. Hamido hakungoja. Alimpakia yule mtu kwenye gari akamleta kwetu.

Shekhe Bwanaheri alikuwa ametueleza tangu jana yake kwamba maneno ya rubani peke yake hayamtoshi. Lakini mimi, Hamido na mama yake tukiridhika kuwa ni kweli, atautangaza msiba, tusome hitima, nami niingie eda. Kwa hiyo nilikaa mkekani nikasikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwanamume yeyote.

Jina lake Edmilson, lakini alitaka aitwe Komandante, na Hamido, kwa unyenyekevu wake usio na faida, alimwita hivyo. Kiswahili alikijua. Alijifunza kwa wapakizi wa pale pista, kwenye kiwanja cha ndege.

"Mimi niko juu," akaanza, "risasi zinakuja, pa! pa! pa! Bawa limetoboka. Injini inawaka moto. Naona mtu chini, kwenye fungu. Kwenye redio wananiambia, Edmilson, rudi, utakufa. Nikazima redio."

Akanyamaza ili tushangae. Mama mkwe wangu, Bi Atija, alishangaa. Mimi nilimwongezea chai, angalau mdomo wake upate kazi nyingine.

Basi akatua, bawa limetoboka, injini inawaka. Akashuka na bastola mkononi. Akambeba Jafar mabegani hatua mia mbili. Jafar niliyemjua mimi alikuwa na kilo tisini, na huyu Komandante hata sinia la chai lingemtoa jasho. Angani Jafar akamfia mikononi, na sijui ndege aliiendesha kwa mikono ipi. Kabla ya kukata roho, eti alisema, "Mwambie Zulfa nampenda kuliko maisha." Kisha injini ikaishiwa nguvu, uzito ukazidi, ikabidi amtupe. Hapana, si amtupe. "Nilimkabidhi bahari," alisema, na mkono akauweka kifuani.

Nampenda kuliko maisha! Miaka kumi na mmoja ya ndoa, neno tamu kuliko yote aliloniambia Jafar ni "leo mchuzi umekaa." Na nilitosheka nalo. Mtu hageuki mtangazaji wa redio kwa sababu anakufa.

Lakini Bi Atija alikuwa analia, kilio kile cha mtu aliyetua mzigo. Hamido anafuta macho. Shekhe ameinamisha kichwa. Walikuwa wameshakubali wote, na nilijua nikitamka "nimeridhika" mambo yatakwisha hapo hapo, na baada ya miezi minne na siku kumi nitakuwa mwanamke huru. Nilitaka kuwa huru. Sitajifanya kwamba sikutaka. Lakini kufunguliwa na mpuuzi huyu, kumruhusu aingie kwenye hitima ya Jafar na bastola yake, kulinichefua.

"Komandante," nikamwita. "Ulitua saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu," akajibu papo hapo. "Mchana, Jumapili. Siwezi kuisahau saa hiyo."

"Fungu lipi?"

Akalieleza, na alilieleza sawasawa: lile lenye mawe mawili meusi upande wa mikoko. Nimechokoa pweza pale tangu nina meno ya utoto.

"Lilikuwa kavu?"

"Kavu kabisa. Mchanga mgumu kama lami."

Nikamgeukia Shekhe. "Jumapili ile, Shekhe, mwezi ulikuwa wa siku ngapi?"

Hakuhitaji kufikiri. Hakuna mtu wa Palma anayehitaji kufikiri hapo. "Tulikimbia tukijiandaa kwa Nisfu Shaabani," akasema. "Jumapili ile ilikuwa kumi na nne, kuamkia kumi na tano."

"Mwezi kumi na nne, saa tisa na nusu alasiri. Shemeji Hamido, saa hiyo fungu lile lina maji kiasi gani?"

Hamido aliacha kufuta macho. Nilimwona akihesabu kwa vidole, kisha akaona haya kwa niaba ya mgeni wake.

"Ni bamvua," akasema polepole. "Saa hiyo maji yamejaa. Pima mbili, labda zaidi."

"Basi pengine ndege ya Komandante ina makasia."

Shekhe alikohoa ili asicheke. Mimi sikukohoa. Nilimwambia kwamba mwezi kumi na nne fungu lile liko wazi saa nne asubuhi, na alasiri samaki wanapita juu yake, na hata mtoto anayeanza chuo cha Kurani anajua. Nikamwuliza miaka yote hiyo aliyoruka juu ya bahari yetu alikuwa anatazama nini, kama si sura yake kwenye kioo. Bi Atija alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa mwanawe mara ya pili. Iliniuma, lakini sikunyamaza.

"Na uvue hiyo miwani," nikamalizia. "Ukitaka kutudanganya, tudanganye tukiyaona macho yako."

Akaivua. Hakunitazama. Alitazama mkeka.

"Saa tisa na nusu ni kweli," akasema.

"Kweli ipi?"

"Ndiyo saa niliyorudi. Fungu halikuwepo."

Sauti yake ilikuwa imepungua, na mikono, ambayo tangu aingie ilikuwa inaruka huku na huku, aliibana katikati ya magoti.

"Nilipita mara ya kwanza saa nne na kitu, asubuhi," akasema. "Nilikuwa na abiria wanne na nafasi mbili tupu. Niliona koti la machungwa, la wapakizi wetu. Nikashuka chini kidogo, nikaona ni Jafar. Hakuwa na jeraha. Fungu lilikuwa kavu, refu, ningeweza kutua. Hakuna aliyenipiga risasi. Niliogopa tu. Nikazunguka juu yake mara moja, nikamtikisia mabawa."

"Kutikisa mabawa ndiyo nini?" akauliza Shekhe.

"Pale kwetu ni kusema, nimekuona, ngoja hapo hapo, narudi. Jafar alijua. Alinipungia mkono, akakaa chini."

"Na hukurudi mara moja."

"Niliwashusha abiria Pemba, nikatia mafuta, nikakaa. Nilikaa sana, Shekhe." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ile hadithi nyingine nimeisimulia mara nyingi, mpaka naiona."

Saa nne asubuhi, mwezi kumi na nne, ukitoka kwenye mawe yale mawili, unavuka mpaka mikokoni maji hayakufiki goti. Ilimtosha Jafar kuinuka na kutembea. Aliyajua maji yale kuliko Hamido, kuliko mimi. Aliyaona yakija, yakamfika kwenye vifundo, yakamfika magotini, na njia ya mikokoni ikimezwa, na bado alikaa kumngoja mtu huyu, kwa sababu alikuwa amemwambia angoje.

Nilitafuta tusi la kumtosha, nikakosa. Nilimdharau kuliko alipoingia na miwani yake, na kila neno lake nililiamini.

"Zulfa, mwanangu," Shekhe akaniuliza. "Umeridhika?"

"Nimeridhika."

Bi Atija safari hii hakulia. Aliteremka kwenye kiti chake, akaja kukaa mkekani karibu nami, akanishika mkono na kuanza kunivua bangili, moja moja. Alipomaliza ule wa kulia nikampa wa kushoto.