Baba Chini ya Jani

Maporomoko ya udongo yalikuwa yamekula njia ya nyumbu wa mizigo, na njia mpya ilipangwa ipite ukingoni mwa kijito, palepale majani yanapoinamia maji. Majani hayo ndiyo makazi ya chura-kioo. Wa aina ile hajaonekana katika kijito kingine chochote, na Rosalino Chalá alijivunia hilo kuliko miwa yake.

Asubuhi ya minga, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba ilitoa mtu na panga. Shemeji yake Arcesio alikuwa mbele.

"Shemeji, sogea. Umesimama kama ng'ombe aliyesahau zizi."

"Hapa hapakatwi," Rosalino akasema.

"Kisa chura?"

"Kisa huyu. Inama uone."

Arcesio akainama akiulalamikia mgongo wake. Chini ya jani mayai yalining'inia ndani ya ute, na kando yake amejibandika dume, mdogo kuliko kifundo cha kidole. Mgongo wake una madoa kama mayai yenyewe. Ngozi ya tumbo ni kama haipo; moyo ulionekana ukidunda. Nyigu akaja kutafuta mayai. Dume akampiga teke, nyigu akaenda zake.

"Mama yao yuko wapi?" akauliza Hermelinda, dada yake Rosalino na mke wa Arcesio.

"Kataga, kaondoka. Baba ndiye anayekaa, mchana na usiku, mpaka viluwiluwi vidondoke majini."

"Umesikia, Arcesio? Wewe mtoto akilia unageukia ukutani."

Watu wakacheka.

"Mimi angalau moyo wangu hauonekani," Arcesio akajitetea.

"Tumeutafuta sana, mume wangu."

Arcesio akangoja kicheko kiishe. "Haya, ni chura wa maana. Lakini sukari guru haibebwi na chura mpaka sokoni. Desturi unaijua, shemeji. Anayekataa njia, atoe njia."

Hakuna aliyecheka tena. Wote walitazama juu ya ukingo. Pale palikuwa na shamba moja tu, la Rosalino, na miwa yake ilikuwa karibu kuvunwa.

"Ipite kwangu," akasema.

"Na mchungwa wa mama?" Hermelinda akauliza polepole. "Uko katikati kabisa."

"Najua ulipo."

Walifyeka miwa pamoja, ila walipofika kwenye mchungwa kila mtu akakumbuka ghafla kunoa panga lake. Rosalino akaukata mwenyewe.

Siku iliyofuata mwenye nyumbu wa kwanza alipita, akauliza kwa nini njia imepindwa hivi. Rosalino akamwonyesha kijito kwa kidevu. "Yuko wetu huko chini. Kwenu hayupo. Popote hayupo."

Hiyo fahari ilimgharimu safu tisa za miwa, mchungwa aliopanda mama yake, ua wote wa upande wa kijito, na usingizi wa alfajiri, maana nyumbu wa kijiji kizima sasa hupita chini ya dirisha lake.