Mama wa Miaka Saba

"Huyu amekufa," Hamdi, karani wa kaunta, alisema, kisha akajiuma mdomo. "Pole, Mama. Namaanisha hapa kwa kompyuta."

"Basi kompyuta yenu haina macho," Waiyego akamjibu. "Nimemwacha hospitalini analia. Maiti hailii."

Foleni iliyokuwa nyuma yake ilinyamaza ili isikie vizuri. Ofisi hiyo ya serikali, iliyokuwa juu ya duka la mabati katikati ya Eldoret, watu waliiita Mtandao House. Siku hizi kila kitu kilipitia hapo: vyeti, leseni, bima. Waiyego alikuwa amepanda ngazi zake mbio, viatu vikiwa bado na matope ya mtaa wa Pioneer.

Jana jioni binti yake Muthoni alianguka kutoka juu ya ukuta wa ploti, akavunjika mkono karibu na kiwiko. Daktari wa mifupa alikuja hospitali ile mara moja tu kwa wiki, na leo alikuwa anaondoka saa nane. Bila kibali cha bima, mtoto hangeingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Na kila walipoingiza jina lake, bima ilijibu neno moja: marehemu.

Simu ikatetema. Ilikuwa Mideva, jirani aliyebaki na mtoto wodini. "Vidole vinaanza kuwa baridi. Nesi anauliza umefika wapi."

"Nani aliripoti kwamba amekufa?" Waiyego aliuliza.

"Kim Irungu. Wiki iliyopita."

"Huyo ni bwanangu. Aliripoti kifo cha mamake, tulimzika Ijumaa. Naye pia aliitwa Muthoni Irungu. Kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la mamake baba. Hamjui hilo?"

"Mimi najua. Mashine haijui." Hamdi aliinamia skrini, buibui lake likigusa kibodi. "Lakini nyanya hayuko kwa faili yenu kabisa. Muthoni ni mmoja tu, na mahali pa uhusiano pameandikwa..." Akakunja uso. "Mama. Mama wa miaka saba?"

Waiyego alifumba macho. Aliiona ile saiba, duka la intaneti, walikojiandikisha bima, na mwenye saiba akiuliza bila kuinua kichwa, "Na huyu ni nani wako?" Kim, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mtoto, alijibu vile alivyokuwa akijibu tangu siku mtoto alipozaliwa: "Huyu? Huyu ni mamangu." Walicheka wote. Mwenye saiba hakucheka. Alipiga chapa alichoambiwa. Basi Kim aliporipoti kwa simu kwamba mama amefariki, mashine ilimtafuta mama kwenye faili, ikampata, ikamzika.

"Futa," Waiyego alisema.

"Siwezi. Aliyeripoti ndiye anaondoa, kwa sauti yake mwenyewe. Inarekodiwa. Jibu likigongana na cheti cha kuzaliwa, faili inafungwa, na kuifungua ni Nairobi."

"Na Nairobi wanachukua muda gani?"

"Mama, usiniulize hiyo."

"Basi mpigie. Mimi nimempigia tangu asubuhi, hashiki."

Kim alikuwa mjini Turbo na lori la mahindi. Nambari ngeni aliipokea mara moja. Pengine alidhani ni watu wa ghala. Hamdi alikuwa ameshamwonya Waiyego: msalimu ukitaka, lakini ukimpa jibu, mashine itakataa.

"Kim Irungu, simu hii inarekodiwa. Je, unataka kuondoa ripoti ya kifo cha Muthoni Irungu?"

Honi zilisikika. "Kuondoa? Madam, tulimzika Ijumaa."

Waiyego alishika ukingo wa kaunta. Hamdi alimtazama, akasoma swali lililofuata kama lilivyoandikwa.

"Muthoni Irungu ni nani wako?"

"Ni mamangu."

Mwanga mwekundu uliwaka pembeni mwa skrini. Hamdi aliinua kidole kimoja: swali litarudiwa mara moja tu.

Jibu lilimfika Waiyego mdomoni. Mtoto wako, mjinga wewe, mtoto! Alilimeza. Akainamia simu na kusema polepole, kwa sauti ambayo hakuwa amewahi kuitumia kwa mtu huyo:

"Habari ya kazi, Baba Muthoni."

Tangu walipokutana chuoni hakuwa amemwita ila Kim, hata mbele ya wakwe. Wanawake wengine waliwaita waume zao baba fulani. Yeye alisema hana muda wa majina marefu.

"Umeniita nani?" Kim aliuliza.

Hamdi akatikisa kichwa kwa Waiyego: inatosha. Kisha akarudia, "Muthoni Irungu ni nani wako?"

Lori lilinguruma. Mtu alimtukania mama kule Turbo kwa kuziba njia.

"Ni mtoto wangu," Kim alisema. "Muthoni ni mtoto wangu, alivunjika mkono jana. Yuko hai." Sauti yake ikakatika. "Mamangu ndiye amekufa."

Katika matanga yote hakuwa amelitamka neno hilo. Alisema ametuacha, alisema amelala, akabeba viti na kuhesabu sahani.

Hamdi alipiga chapa haraka, akabonyeza, akangoja. Mwanga ukageuka kijani. Aligeuza skrini ili Waiyego aone mwenyewe: Uhusiano, mtoto. Hali, hai. Nyuma, mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Asante Mungu," kana kwamba mtoto alikuwa wake.

Simu ya Waiyego ikatetema tena. Mideva: "Kibali kimefika. Wamekuja na machela."

Kim alikuwa bado hewani, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Honi zilimzonga.

"Kim," Waiyego alisema, "toa lori barabarani."

"Nimetoa."

"Basi lia. Mimi naenda kwa mtoto."