Birika la Shangazi Lapanda Cheo

Kiangazi kile mto ulipungua, chokaa ikazidi. Maji yakisukumwa kwenye vichujio vya kiwanda chetu cha maji, ambavyo hata chumvi haipenyi, chokaa hubaki nyuma na kugeuka ukoko. Ukoko ukishaganda, kichujio kimekwisha. Kinga yake ni matone ya dawa: yakipungua ukoko unaganda, yakizidi yenyewe yanachafua vichujio. Kipimo cha ofisi kilishakufa zamani. Nikawa kila asubuhi nachemsha maji ya mto kwenye birika la shangazi, nakwangua chini kwa ukucha kupima ukoko, ndipo naamua matone.

Hakikuziba kichujio hata kimoja. Nikajua cheo cha msimamizi wa zamu ni changu, maana nilikisubiri miaka kumi na mmoja.

"Umewezaje?" Meneja aliniuliza.

Mdomo wangu huu! Nikasema ukweli.

Wiki iliyofuata birika lilipewa kitambulisho chenye picha. Mwezi haujaisha, likawa msimamizi wa zamu. Nilipiga makofi kama wenzangu, huku roho ikiniuma kwelikweli.

"Sasa mwanangu, mimi chai nichemshie wapi?" shangazi alikuja kulalamika getini.

"Omba miadi, shangazi. Bosi yuko kikaoni."

Uvumilivu ulinishinda. Jumatatu moja nililimwagia siki, nikalisugua mpaka likang'aa. Meneja alipochungulia ndani alishika kichwa.

"Umemfutia uzoefu wote!"

Barua ya onyo ilinifikia kabla ya saa nne: nimemwosha mkubwa wangu wa kazi bila ridhaa yake. Birika likastaafishwa kwa sababu za kiafya. Shangazi alikuja kulichukua, akalifunga kwenye kanga, akaondoka bila hata kunitazama.

Nafasi ikatangazwa. Niliomba, nani mwingine alijua matone? Kwenye usaili walikaa watu watatu, na hakuna aliyegusia mto, dawa wala vichujio. Mwenyekiti alivua miwani, akaniuliza kwa upole:

"Wewe ukichemshwa, chini kinabaki nini?"

Niliwaza zamu zangu zote pale, moja baada ya nyingine. Machozi yalinilengalenga.

"Hasira," nilisema.

Wakaandika. Wakatazamana.

"Hiyo hatuna dawa yake," alisema mwenyekiti, akamwita anayefuata. Mlango ukafunguliwa, akaingia mpishi wa kantini, amebeba sufuria.