Mafuta ya Alhamisi

Karatasi ya daktari haikuzunguka: mgonjwa aje Gitega kichwa kimeoshwa, bila hata tone la mafuta. Rajbai aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda zake kuchukua chupa ya mafuta ya nazi. Ilikuwa Alhamisi. Miaka thelathini na minane hakuna Alhamisi iliyopita bila yeye kumpaka mumewe kichwa, leo kijana ambaye hata ndevu hazijamwota ndiye aje kumpangia? Katazo lile, aliamua, liliwahusu watu wanaojipaka ovyo.

"Baba Zameer, kaa hapa."

Fatehali akakaa, akafumba macho. "Sugua hapa zaidi," akasema, akigusa juu ya sikio la kushoto. Huu ulikuwa mwezi wa sita akiomba pale pale. Rajbai akatabasamu peke yake. Mtu na mvi zake, anadeka!

Kilichowapeleka Gitega kilikuwa kimya. Fatehali alikuwa msemaji wa kutisha, lakini siku hizi alikatika katikati ya neno, mkasi juu, macho yamekodoka, kisha anarudi na kuendelea bila kujua kwamba aliondoka. Pale dukani kwake Muyinga, wanunuzi wa vitenge walidhani anakataa bei yao, wakapandisha wenyewe. Yeye alifurahi kweli kweli. Rajbai je? Tangu daktari ataje uvimbe kwenye ubongo, ingawa alisema "huenda" tu, alimwogopea mumewe vibaya sana.

Ijumaa asubuhi, kwenye kliniki ya Gitega, Adventina, fundi wa mashine ya kupima umeme wa ubongo, alibandika waya wa kwanza kichwani mwa Fatehali. Ukateleza. Wa pili ukaishia shingoni.

"Mais, huyu muzee mulimukaanga?"

"Nilimupaka kidogo tu," alisema Rajbai.

"Kidogo! Madame, hapa iko mafuta ya kukaanga ndizi za arusi nzima!"

Wakampeleka bombani uani, wakamwosha kwa sabuni ya vyombo mara tatu, wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni wakitoa ushauri. Rajbai alisugua mwenyewe, aibu imempanda mpaka masikioni.

Safari hii nyaya zikashika kwa gundi yake, na mistari ikaanza kutembea kwenye skrini.

"Muzee, usiseme," Adventina akaonya. "Ukichezesha taya, mistari yote inaharibika."

Fatehali akaahidi kunyamaza, na ahadi yenyewe ilichukua dakika tatu. Kisha akauliza mashine ilitoka nchi gani, nani aliileta, ilipita bandari gani. Adventina akatishia kumfunga bendeji mdomoni. Rajbai akambembeleza kwa jina la Mungu, kisha kwa majina ya wajukuu mmoja mmoja.

"Bon, na hii gundi munaagiza kwa..."

Akanyamaza.

"Alhamdulillahi," Rajbai akanong'ona. "Leo amesikia."

Adventina alikuwa ameinamia skrini. Mistari michache ya upande mmoja ilikuwa imechafuka, inaruka juu na chini, na mingine imetulia. "Muzee? Muzee Fatehali?" Macho yalikuwa wazi lakini mwenyewe hakuwepo. Rajbai akamshika miguu kwa mikono miwili, akakaza, asije akaenda mbali zaidi.

"...kwa nani?" akamalizia Fatehali.

Adventina akashusha pumzi. Akaweka ncha ya kalamu pale fujo ilipotokea: juu ya sikio la kushoto. "Mi si daktari, na mashine hii haioni nyama, inaona umeme tu. Lakini hapa iko kitu inasumbua. Skana ndiyo itasema."

Rajbai akatazama vidole vyake. Miezi sita, kila Alhamisi, vilipita hapo hapo, naye anasema mume anadeka. Akalia mbele za watu.

"Sasa unalia nini?" Fatehali akauliza. "Si wamekipata?"

Skana ilikuta uvimbe, mdogo, pale pale. Ulikuwa wa aina isiyosambaa. Wakautoa.

Miezi minne baadaye Kastori, mkulima wa Butihinda aliyekulia Tanzania, aliingia dukani Muyinga kumtafutia mkewe Ursula kitenge. Akataja bei yake. Fatehali akanyamaza, mkasi juu. Kastori akaanza kujikuna shingo.

"Basi, mzee wangu, labda ninaweza kuongeza ki..."

Rajbai akatoka mbio jikoni, nyuma ya duka, mwiko mkononi. "Baba Zameer! Sema! Sema kitu!"

"Yampaye! Mi iko muzima! Nanyamaza kwa biashara!"

"Usinyamaze tena! Sitaki!"

Kastori akacheka mpaka akashika meza, akarudi kwenye bei yake ya kwanza, akaondoka na kitenge kwapani.

Fatehali alilalamika mpaka jioni: kuhusu kitenge, kuhusu mwiko, kuhusu wanawake wote kwa jumla. Rajbai alikoroga mchuzi akimsikiliza kupitia mlango ulio wazi. Kila mumewe alipokatiza kidogo kuvuta pumzi, mwiko nao ulisimama, ukamngoja aendelee.