Neoni Juu ya Kabichi

Mama Madeleine alipoanza kurudisha sahani jikoni ikiwa haijaguswa, watoto wake walifanya kile ambacho watu waliosoma hufanya wakiona hatari: waliitisha mkutano.

Mkutano ulifanyika kwa Colombe, binti yake, mwalimu wa biolojia, katika nyumba yake ya Nguba, mjini Bukavu. Uenyekiti alijipa Stanislas, kaka mkubwa, mtu wa shirika la misaada ambaye hawezi kuomba chumvi mezani bila kutanguliza hoja. Benoît, mdogo wao, alihudhuria kutoka Brussels kwa simu iliyoegemezwa kwenye glasi. Uso wake uliganda kila alipokaribia kusema jambo la maana, kwa hiyo hakuna aliyekosa kitu.

Habari yenyewe haikuhitaji mwenyekiti. Mwaka uliopita Mama Madeleine aliteleza kwenye mteremko wa shamba lake la maharage kule Nyantende, akavunjika nyonga, akalala pale chini kutwa nzima hadi Bulonza, mke wa mpwa wake, aliposikia sauti yake. Nyonga ilipona. Ila watoto walimleta mjini, wakamweka kwenye chumba cha nyuma kwa Colombe, ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Wakampa televisheni kubwa, kisha wakashangaa kwamba televisheni haimtibu mtu aliyezoea jembe. Kila asubuhi mama aliuliza atarudi lini. Kila asubuhi walimjibu, "Tutaona."

Colombe ndiye aliyetoa wazo la kitalu cha ndani: meza moja, trei za udongo, na neoni, ile taa ya mrija mrefu, juu yake, mama aoteshe miche yake humo humo chumbani. Wote walikubali kwa moyo mmoja, yaani wakaanza kugombana papo hapo.

Benoît alitaka taa za kisasa, zile za mwanga wa zambarau, na akatuma makala mengi hadi simu ya Colombe ikalalamika haina nafasi.

"Neoni iko ya zamani, dada Colombe," alisema kutoka kwenye glasi. "Huku hakuna mutu anaitumia tena."

"Huku tunaitumia," Colombe akamjibu. "Taa yako ikikufa, fundi wake iko Brussels. Neoni ikikufa, nashuka soko ya Kadutu. Na hiyo mwangaza ya zambarau, majirani batasema tumefungua nganda. Bataanza kugonga mulango na kuomba pombe."

Stanislas, kwa upande wake, hakupinga neoni. Alitaka tu iwe ya rangi ya njano, kwa sababu inapendeza, na ifungwe darini, kwa sababu taa ni ya darini.

"Taa inaninginia kwa magoti ya batu?" aliuliza kwa uchungu wa kweli. "Wageni batasema tunafuga vifaranga."

Hapo Colombe akavaa sauti ya darasani. Akaeleza kwamba mche hauji sebuleni kupigwa picha. Majani machanga hupenda mwanga mweupe wenye ubluu kidogo, ule ambao kwenye boksi huandikwa mwanga wa mchana. Wa njano huwafaa wanaosubiri maua, na kabichi hakuna anayeisubiri itoe maua. Tena neoni si jua. Ukiisogeza mbali kidogo tu, nguvu yake inakwisha njiani, na mche unaanza kujinyoosha kuitafuta, unakuwa mrefu, mwembamba, wa kuanguka ukiguswa. Basi taa inakaa shibiri moja juu ya majani, na inapandishwa polepole miche ikikua, wala si vinginevyo.

"Njo vile nilikuwa nasema," akasema Stanislas, akafunga mkutano.

Kesho yake wakashuka Kadutu wote wawili, maana mwenyekiti hawezi kukosa kwenye utekelezaji. Papa Zagabe, muuza vifaa vya umeme, akawachomolea mirija miwili kwa heshima zote.

"Maman, hizi ni neuf, mupya kabisa."

Colombe akaigeuza. Ncha zake zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka.

"Papa Zagabe, hii neuf yako ilianza kuvuta sigara lini?"

Zagabe akacheka bila aibu yoyote, akairudisha mahali pake, pengine kwa ajili ya mteja mwenye haraka, akaleta mingine ndani ya makaratasi. Akaiwasha mmoja mmoja. Wa njano ulimfanya Stanislas aonekane kama bwana harusi. Mweupe ukamfanya aonekane kama mtu anayesubiri kuombewa.

"Hii inanifanya sawa maiti," alilalamika.

"Hatuinunue kwa ajili yako."

Wakachukua miwili mieupe. Colombe aliitundika mwenyewe kwa minyororo midogo, kulabu darini, ili aweze kuishusha na kuipandisha pete kwa pete. Bulonza akatuma mfuko wa udongo wa Nyantende na mbegu za kabichi ndani ya kitambaa. Umeme ulikuja ulipojisikia, lakini siku hizo, sijui uliona haya, ulijisikia mara nyingi.

Ndipo ikaonekana kwamba kwa mara moja familia ile ilikuwa imefanya jambo la akili. Mama Madeleine aliuponda udongo kwa vidole, akaunusa, akawatukana kwa kuuacha ukauke, akapanda. Mbegu zilipochomoza alikaa kwenye kigoda chake mbele ya meza na kuzisemesha Kimashi, lugha ya kwao. Akaanza kula. Akaanza kuimba nyimbo za misa akiwa anamwagilia, na siku moja akaomba aongezewe mboga ya sombe, na Colombe akakimbilia jikoni kumpakulia, akasimama mbele ya sufuria akilia kwa furaha kama mtoto. Televisheni ilifunikwa kitambaa.

Miche nayo ilikuwa ya kutia wivu: mifupi, minene, majani ya kijani kizito. Colombe aliitazama na kujisifu kimoyomoyo, maana hata mtu mwenye dharau kwa kaka zake anaruhusiwa kuvimba kichwa mara mojamoja.

Sifa hizo hazikukaa sana.

"Zikifika majani nne, nazipeleka shamba," Mama Madeleine alisema asubuhi moja akinywa chai. "Bulonza ameshalima. Nitalala kwake."

"Kuzipeleka wapi, maman?"

"We mwalimu, kabichi inafunga kichwa mu chumba? Miche ya kitalu ni ya kutoka. Na mi natoka nazo."

Colombe akakiweka kikombe chini. Alikuwa amepigana na ndugu wawili, amembana Papa Zagabe, amechagua hadi weupe wa mwanga, ili mama yake apate sababu ya kubaki. Kumbe alikuwa akimpa sababu ya kuondoka, tena kwa ustadi. Usiku ule na uliofuata alimwona mawazoni mama yake amelala kati ya maharage, jua likizunguka, hakuna anayekuja. Aliogopa. Hakuna neno jingine la kuliremba jambo hilo.

Basi mwalimu wa biolojia akafanya kile ambacho wanafunzi wake wangepata sifuri kwa kukifanya. Mama alipokwenda misa ya asubuhi, alipandisha taa pete chache. Siku chache baadaye, pete nyingine. Hakung'oa mche, hakumwaga dawa. Alisogeza mwanga tu, na mwanga hauachi alama za vidole.

"Taa imepanda," mama alisema.

"Ikiwa karibu sana inachoma majani, maman," Colombe akajibu kwa sauti ileile ya darasani, bila hata kupepesa macho. Kama mtakatifu.

Miche ikafanya kama ilivyofundishwa. Ikajinyoosha. Ikapauka, ikarefuka, ikalaliana. Stanislas alipopita Jumapili baada ya misa alisimama mlangoni, akapiga makofi.

"Ona urefu! Nilisema taa ikae juu!"

Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la familia. Benoît akajibu kwa mikono ya kupongeza, mingi. Mama Madeleine alimtazama mwanawe wa kwanza, yule waliyeuza ng'ombe ili asome, akatazama miche. Kisha akaing'oa yote, akapanda upya. Na Colombe, Mungu amsamehe, akangoja misa nyingine, akapandisha tena, hadi neoni ikawa karibu na dari kabisa, mahali ambapo kaka yake alitaka tangu mwanzo. Akajiambia kwamba msimu wa kupandikiza ukipita, mama atasahau. Mtu hujiambia mengi.

Alhamisi moja walimu waligoma asubuhi, Colombe akarudi nyumbani kabla ya saa ya chakula. Alisikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu chumba cha nyuma. Akasukuma mlango.

Mama Madeleine alikuwa amesimama juu ya kigoda, na kigoda kilikuwa juu ya kiti. Mikono yote miwili ilikuwa darini, ikihangaika na kulabu. Nyonga ile ile ilikuwa ikitetemeka chini ya kitenge, na kiti kilitetemeka nayo.

Colombe hakupiga kelele. Alivuka chumba, akamkumbatia kiunoni, akamkaza mpaka akahisi mifupa yake. Alikuwa mwepesi. Akamteremsha taratibu, wakaketi wote wawili kitandani, na aliyekuwa anahema zaidi ni binti.

"Maman, ungeanguka!"

"Ningeanguka," mama akakubali.

"Njo maana tulikutoa kule! Njo maana..."

"Colombe. Taa haina miguu."

Colombe akatazama kulabu darini.

"Niliona inapanda. Nilifikiri ni Stanislas, nikasema hapana, ule hajui hata kushika bisibisi. Nikajua ni wewe." Mama Madeleine alijipangusa vumbi la dari kwenye viganja, bila hasira. "Ulitaka nisianguke. Sasa ona, niko Bukavu, kwa mutoto yangu mwenye masomo, na nimepanda kiti juu ya kiti. Ulifikiri humu hakuna chini ya kuangukia?"

"Naogopa, maman." Alilisema kama lilivyo, kwa sauti ndogo, bila darasa. "Siku ile ulilala kutwa nzima, na mi nilikuwa nasahihisha mitihani. Sikujua. Naogopa sana."

"Na mi naogopa. Kila siku." Mama akamshika mkono, akageuka kuitazama trei, ambapo miche mipya, ile ya karibuni, ilikuwa imeanza kunyoosha shingo zake nyeupe kuelekea taa. "Lakini hizi bado ni ndogo. Zikipata mwangaza leo, zitapona. Musimu haijaisha."

Colombe angeweza kusema tutaona. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Akalimeza. Akasimama, akakiondoa kigoda juu ya kiti, akapanda kiti mwenyewe, akafungua kulabu ya kwanza na kuushusha mnyororo, halafu ya pili, pete kwa pete, hadi mwanga ukashuka kutoka darini ukapita uso wake, ukapita kifua chake.

"Hapo?" aliuliza.

Mama Madeleine aliweka kiganja juu ya miche, akapima shibiri.

"Shusha tena."

Colombe akashusha.

"Tena kidogo."

Alijua vizuri anachomruhusu mama yake, yaani miche ipone naye arudi nayo shamba, kwa kuwa alikuwa amesomea. Akashusha.