Reli ya Spoki Chumbani mwa Salvina

…na dirisha liachwe lilivyo, hapana, lipanuliwe, matofali mawili kila upande, upepo wa alasiri upite juu ya meza umpoze mtu aliyeketi, maana hiki hakitakuwa chumba cha kutokwa jasho, Otmar alijiambia, magoti sakafuni, misumari mitatu imebanwa midomoni, hiki kitakuwa chumba cha kustarehe, starehe ya mtu aliyesimama juani miaka ishirini na sita pale stesheni ya Isaka akiinua bendera ya kijani ili wengine wasafiri, sasa amestaafu, bendera kairudisha, na zamu hii treni itakwenda anapotaka yeye na kusimama anapotaka yeye, wiki nzima kashona magunia ya pamba na kuyatandaza chini ya bati, joto limepungua mno, kuta kazipaka chokaa, kiti cha kuegemea hicho hapo, mto wake kaujaza pamba mwenyewe, na reli, ah, reli! spoki za baiskeli, alizookota kwa fundi hadi fundi akachoka kumwona, kazinyoosha moja moja juu ya jiwe, mataruma ya kuishikilia ni vipande vya mbao za mninga, ukishusha jicho usawa wa meza unaiona njia inakwenda mpaka Tabora, haki ya Mungu inakwenda… “Baba Salvina, wanisikia?” huyo Theopista, mkewe, nje chini ya dirisha, anachagua mchele, ungo unasema shwa, shwa, na Otmar akajibu “Ehe” kupitia puani kwa sababu ya misumari, “Bartholomeo wa lori la Geita kaleta barua ya Salvina,” vizuri, binti kaandika, kumbe bado anatukumbuka, lakini hii kona ya mlangoni, hii kona ndiyo inayomnyima usingizi, imepinda mno, jana kichwa cha treni kimeanguka hapo mara tatu na mabehewa yake ya makopo ya dagaa yakakifuata chini kelele tupu, ile mota ya redio kaseti ina nguvu kuliko alivyodhani, betri mbili tu na kinakimbia kama kimeona chui, angekuwa na meza ndefu zaidi angeipindisha njia polepole, lakini meza imekwisha kugusa ukuta huu na ukuta ule, kaipigilia kabisa, miezi mitatu ya kazi, haitoki… “anasema atafika kabla ya Sabasaba…” “Ehe,” na Marcel naye lazima aje, Marcel dereva wa treni, yule aliyemcheka mbele ya watu kilabuni, mzee mzima unachezea treni za watoto, aje akalishwe kwenye kiti hicho, apewe chai, asiguse kitu, aangalie tu, acheke tena kama anaweza… “na kitanda chake pale dirishani kama zamani…” “Ehe,” “kwa hiyo hiyo meza utaisogeza?” “Ehe,” kusogeza nini? “Kitanda gani?” akauliza, msumari mmoja ukamponyoka. “Ee, leo nimeolewa na kiziwi! Cha Salvina! Si kile ulichokitupa bandani? Mwanao ana mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza, anakuja kujifungulia kwa mama yake, ulitaka ajifungulie kwenye stesheni yako?”

Shwa, shwa. Otmar aliitazama meza yake na moyo ukamshuka, akahisi hasira, hasira ya kitoto hasa, si ana mume, mume si ana nyumba Kalangalala huko Geita, vyumba vitatu vizima, hospitali iko karibu, kwa nini hapa, kwa nini chumba hiki, mara moja tu katika maisha mtu akijipatia… halafu akaionea haya hasira yake, maana mila anaijua, nani aijue kuliko yeye, mila hiyo hiyo ndiyo iliyomchukua Theopista na tumbo lake ikampeleka kwa mama yake Ushirombo, yeye akabaki na bendera, na habari ikaletwa na dereva wa lori la pamba, tayari ina siku nne, “Otmar, umepata msichana!” na treni ya mizigo ndiyo kwanza inaingia, hakuna wa kumpokea zamu, akasimama bendera juu na machozi yanamtiririka, alipokuja kumwona huyo msichana ana miezi mitatu, msichana akamwangulia kilio kama kaona mgeni, na kweli alikuwa mgeni… na sasa mila inamrudishia, inamletea mtoto hapa hapa, chini ya magunia aliyoyashona kwa mkono wake, nani huyo atakayekuja, ana sura ya nani… lakini njia ni moja, treni mbili, kitanda na meza, kwani miaka ishirini na sita ulikuwa ukifanya kazi gani, Otmar, ulimrudisha nani Tabora? hakurudishwa mtu, unavuta wenzo wa kubadili njia, mmoja anakaa njia ya pembeni mwingine apite, pembeni, lakini pembeni wapi… na macho yakapanda, ukuta, chokaa nyeupe, juu ya dirisha, juu ya mlango, patupu, patupu chumba kizima! ubao wa upana wa kiganja, meza ivunjwe ndiyo mbao zenyewe, reli izunguke kuta zote nne, na kona, loo, kona! pembe za chumba azizibe kwa vipande vya mbao, njia ipinde taratibu, kichwa hakianguki tena, kinapita juu ya mlango, kinapita juu ya kitanda, na aliyelala chali pale chini, macho ndiyo kwanza yanajifunza kuona, kitu cha kwanza kitakachomwendea duniani ni treni ya babu yake, ng'wanone, mwanangu wee, na kiti akae Salvina akinyonyesha, mto upo, upepo upo, kumbe alikuwa akimwandalia nani siku zote hizi? na ruhusa, kama stesheni, dereva asipokabidhiwa kile chuma cha ruhusa mkononi haondoki, chuma hicho atakishika Salvina, mtoto akilala njia imefungwa, hata Marcel atasubiri…

“Baba Salvina, mara ya tatu nakuuliza, utaisogeza?” Bado yuko magotini, misumari miwili bado midomoni, ungo bado unasema shwa, shwa, na meza imegusa ukuta huu na ukuta ule. “Ehe,” akasema, na safari hii alikuwa amesikia.